Majibu Matatu Niliyoyafuta

Jumapili alasiri, Kinondoni. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haishuki, joto tu.

Toka nirudi kutoka Temeke sijakaa chini. Nimefua shuka ambazo hazikuwa chafu. Nimepanga vyombo kabatini, nikavipangua, nikavipanga tena. Simu nimeiweka kifudifudi juu ya friji ili nisiitazame, na kila dakika tano naenda kuitazama. Nimeona bora niandike, maana mikono ikiwa na kazi labda kichwa nacho kitatulia.

Nimefanya jambo la aibu. Siyo kubwa la kupelekwa polisi. Ni dogo, la kubonyeza mara tatu, na ndiyo maana nililifanya bila hata kusita.

Nianze mwanzo, kwa ajili ya anayepita hapa kwa mara ya kwanza.

Mie naandika programu za kompyuta. Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa chuo, mimi na mwenzangu Deo tulitengeneza kifurushi tukakiita Saa. Ni kipande cha programu ambacho wengine wanakichukua bure na kukiweka ndani ya programu zao. Kazi yake ni moja. Kompyuta inajua kwamba ni 14:00, lakini bibi yangu hajawahi kuishi saa kumi na nne hata siku moja. Saa inachukua hiyo 14:00 inakurudishia "saa nane mchana", kama watu wanavyosema. Basi. Tuliandika kwa utani, wenzetu wakaanza kuitumia, na sasa iko kwenye ujumbe wa kukumbushia wagonjwa kliniki, kwenye ratiba za mabasi, na sehemu ambazo hata hatuzijui.

Hapo ndipo penye ishu. Hatuzijui.

Lugha tunayoandikia ni Python. Wengi wanadhani Python ni moja. Lugha ni moja kweli, lakini programu inayoisoma na kuitekeleza siyo moja. Kuna ile ya kawaida ambayo karibu kila mtu anayo. Kuna nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya kasi. Na kuna ndogo kabisa, inayokaa kwenye vibao vya umeme vinavyotosha kiganjani, ambavyo havina kioo wala kibodi. Unachoandika kinaweza kukubali kwenye moja na kugoma kwenye nyingine.

Mwaka huu Deo aliamua kuiandika Saa upya. Alifanya peke yake, kila wikiendi, miezi mingi. Mie nilimwahidi kusaidia, nikawa napotea. Kazini kulikuwa kumebana, halafu hata palipolegea sikurudi. Nilikuwaga naona ujumbe wake asubuhi nausoma jioni. Toleo jipya likawa zuri kweli, safi, lakini halikuwa na uhakika wa kukubali kwenye ile Python ndogo. Kundi letu, wenzetu wachache tunaoitunza nao Saa, likasema kabla toleo hilo halijatoka, watu waulizwe wanatumia nini. Nikajitolea kufanya dodoso. Nilitaka na mie nionekane nimebeba kitu.

Maswali yalikuwa manne tu. Unatumia Python ipi, unaitumia kwenye nini, tukiacha kuihudumia utaathirika vipi, na mwisho namba ya simu kama unapenda tukutafute.

Majibu yalinichekesha. Wengi waliandika "sijui". Mmoja akaandika "ya kwenye simu ya shemeji". Mwingine akatueleza maisha yake yote na hakujibu swali. Karibu wote waliojua walikuwa kwenye ile ya kawaida, na mie nikawa nafurahi kimyakimya, maana nilishajua ninataka matokeo yaseme nini. Nilitaka nimpelekee Deo jibu moja safi: endelea, hakuna atakayeumia.

Halafu siku ya mwisho yakaingia majibu matatu, moja baada ya jingine, maneno yale yale, herufi ndogo tupu:

"natumia ile ndogo kwenye kibao. saa inasema kwa sauti. msiiondoe tafadhali."

La kwanza halikuwa na namba. La pili halikuwa na namba. La tatu lilikuwa na namba.

Nilijiambia ni mtu anachezea. Nikayafuta yote matatu.

Niandike ukweli wote maana huku ndiko ninakoandikiaga ukweli: ile namba niliiona. Niliiangalia. Kidole kilikuwa karibu kabisa kupiga. Nikafikiria mazungumzo yatakayofuata, nikamfikiria Deo na wikiendi zake, nikafuta.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulikutana Sinza, kwenye mgahawa wenye viti vya plastiki na mtandao wa uhakika. Nikasimama kusoma matokeo. Nilipofika kwenye ile ndogo, Deo akainua kichwa.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna," nikasema.

"Una uhakika, Rehema?"

"Nina uhakika."

Watu wakapiga makofi. Jumatatu toleo jipya likatoka, na matokeo ya dodoso nikayaweka kwenye ukurasa wetu kila mtu ayaone, jina langu na namba yangu chini yake. Nilijisikia vizuri. Siku mbili nzima nilijisikia vizuri.

Jumatano mchana ukaingia ujumbe, namba nisiyoijua. Yaani, niliyojifanya siijui.

"Habari za kazi. Naitwa Tatu, niko Chanika. Nimesoma matokeo yenu. Nilijaza fomu mara tatu kwa sababu mtandao wa huku unakatika, sikujua kama imefika. Kama haikufika ni sawa. Kama ilifika, naomba kujua kwa nini sikuhesabiwa."

Nilitoka nje ya ofisi nikasimama kwenye ngazi. Nikasoma tena. Halafu nikajibu.

"Samahani sana dada, hazikufika."

Ndiyo. Niliongeza uongo juu ya uongo, na neno "samahani" nikaliweka mbele kama pambo.

Akajibu hapo hapo: "Sawa, nashukuru. Basi nijaze tena wapi?"

Angenitukana ningepona. Lakini alikuwa tayari kujaza mara ya nne. Sikuweza kujibu. Siku hiyo sikufanya kazi ya maana, Alhamisi hivyo hivyo, na Ijumaa nikamwandikia kwamba ningependa kuja kumwona, nielewe anavyoitumia. Akaniambia nije Jumamosi asubuhi, nishukie stendi, atanifuata.

Jana basi nikaenda. Chanika sikuwa nimefika toka nikiwa sekondari. Nyumba mpya zimejaa, nyingine zina bati bado hazina madirisha, na katikati yake mashamba ya mihogo yamekaa kama vile mji haujafika. Nilikuwa nategemea kuona kijana mwenzangu, mwenye kofia na fulana ya mkutano fulani. Aliyekuja stendi ni mama wa makamo, kanga mbili, miwani imefungwa uzi, mwavuli mkubwa wa kijani.

Na mie nilikuwa nimemwita dada.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe Rehema? Twende, mzee anakusubiri."

Njiani akanieleza. Alikuwa msaidizi wa maabara kwenye chuo cha ufundi, akastaafu. Python alijifunza mwenyewe kwenye simu, kwa masomo ya bure, akiwa amepata sababu. Sababu alikuwa amekaa barazani, kwenye kiti cha mbao, mkono juu ya kisanduku cheusi.

Mumewe anaitwa Mzee Chitanda. Katokea upande wa Newala, na maisha yake yote alikuwa mchongaji wa mpingo. Presha ya macho ilimkamata taratibu. Jicho la kulia limekwisha, la kushoto linaona mwanga tu, na daktari anataka hata huo mwanga usipotee, kwa hiyo ana dawa ya matone asubuhi na jioni, kwa saa maalum.

Alinisalimia, akaniuliza safari, halafu akasema, "Subiri usikie." Akabonyeza kitufe kilichokuwa juu ya kisanduku.

"Saa nne na robo asubuhi," kikasema kisanduku. Ilikuwa sauti ya Bi Tatu.

Alikuwa amejirekodi neno moja moja. Saa. Moja. Mbili. Na. Robo. Nusu. Kasoro. Mchana. Jioni. Saa yetu, ile ya mimi na Deo, ndiyo inayochagua maneno gani yafuatane. Kisanduku kakichonga mzee mwenyewe kwa kupapasa, akiwa tayari haoni. Nilikishika. Pembe zake ni laini kuliko za meza yangu niliyonunua dukani.

"Hata akienda sokoni bado ananisemesha," mzee akasema. "Nimeoa mke mmoja nimepata wawili."

Bi Tatu akamwambia aache mambo yake. Lakini mzee akawa amegeuka serious, akaniambia nikae karibu.

"Wewe ukitaka kujua saa unafanyaje?"

"Naangalia simu."

"Mimi nilikuwa nauliza. Asubuhi nauliza, mchana nauliza. Saa ngapi, saa ngapi. Mtu anakujibu mara ya kwanza vizuri, mara ya tano unasikia kwenye sauti kwamba amechoka. Ikafika nikawa nakaa bila kujua. Nilikuwa sijui kama ni mchana au watu wamenisahau tu." Akakigonga kisanduku kidogo. "Sasa siulizi mtu."

Nikakisogelea kisanduku. Nikabonyeza kitufe na mie, kusudi nisilie.

Bi Tatu ametengeneza vingine, vya watu wanne, wote wasioona, wawili hapo Chanika na wawili mbali kidogo. Alikuwa anatengeneza cha tano, cha mwalimu mstaafu jirani yake. Alhamisi alipakia toleo letu jipya, likagoma.

Nikamuuliza kwa nini asiendelee tu na lile la zamani. Wote wawili wakacheka, na mzee ndiye aliyenieleza. Lile la zamani lina kosa. Ikifika saa moja kasoro robo, asubuhi au jioni, Saa yetu inajumlisha moja kwenye kumi na mbili, na badala ya kurudi mwanzo inasonga mbele. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni, kwa sauti ya upole ya mkewe, kisanduku kinamtangazia Mzee Chitanda kwamba ni saa kumi na tatu kasoro robo.

"Na ndiyo saa ya matone," mzee akasema. "Mie nishazoea. Nikisikia imechanganyikiwa najua muda wa dawa umefika. Lakini huyo mwalimu hawezi kuzoea, yule ni mwalimu."

Kosa hilo Deo alilirekebisha kwenye toleo jipya. Lile lililogoma. Bi Tatu alikuwa amelisubiri miezi yote hiyo.

Nikaona nikichelewa zaidi sitasema kabisa.

"Bi Tatu, majibu yako yalifika. Yote matatu. Mie ndiye niliyeyafuta."

Alikuwa ameshika kifaa cha kuchomelea nyaya. Akakiweka mezani taratibu.

"Kwa nini?"

"Nilidhani mtu anachezea. Halafu... nilitaka matokeo yawe mepesi."

"Namba yangu uliiona?"

"Niliiona."

"Hukupiga."

"Sikupiga."

"Na Jumatano ukaniambia hayakufika."

"Nilikudanganya. Nisamehe mama."

Akanyanyuka. Akaingia ndani, nikasikia vifuniko vya sufuria. Nilikaa pale na mzee, kuku wakipita miguuni, na sijawahi kukaa sehemu nikatamani kuondoka hivyo huku nikijua kwamba nikiondoka sitarudi tena. Mzee hakunifariji. Hakunisema pia. Alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye pembe ya kisanduku, anaenda anarudi.

Bi Tatu akatoka na sahani za wali na samaki wa nazi.

"Kula kwanza," akasema. "Bado nimekasirika. Ukimaliza utanieleza hiyo mpya inagoma kwa nini."

Tulikula. Halafu nikafungua kompyuta, yeye akavaa miwani, tukaangalia. Deo alitumia zana fulani ya tarehe iliyo tayari ndani ya Python ya kawaida. Ile ndogo haina zana hiyo. Kwa kazi ya Saa haihitajiki hata, maana mahitaji yenyewe ni kutoa na kujumlisha. Bi Tatu aliliona kabla yangu. Aliweka kidole kwenye kioo akasema, "Hapa anatumia nyundo kuulia mbu." Tukaandika hesabu yenyewe kwa mistari michache, tukaipakia kwenye kibao cha mwalimu, tukaiambia ni jioni. Ikajibu, kwa sauti ile ile:

"Saa moja kasoro robo jioni."

Mzee Chitanda akaisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema ataikumbuka kumi na tatu yake.

Bi Tatu alinisindikiza mpaka stendi. Alipoona basi linakuja akaniambia, "Kuna wenzako unapaswa kuwaambia kama ulivyoniambia mie. Sitaki unifanyie hilo kwa ajili yangu. Mie nishasikia." Akageuka na mwavuli wake. Hakunipungia.

Leo asubuhi nikaenda Temeke kwa Deo. Nilimsubiri nje ya kanisa lake mpaka misa ya kwanza ilipotoka. Aliponiona akacheka, akadhani nimeokoka. Nikamvuta pembeni, kwenye kivuli cha ukuta, nikamweleza yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo moja, kwamba atasikitika kwa sababu kazi yake inarudi nyuma.

Hakusikitika kwa hilo.

"Mie nilikuuliza," akasema. "Mbele ya watu. Mara mbili."

"Najua."

"Ungeniambia kuna mtu mmoja, ningeandika tofauti. Ni kazi ya siku mbili, Rehema. Wewe uliona mie ni mtu wa namna gani?"

Nikamwambia nilitaka kumpunguzia mzigo, kwa sababu nilimwachia kazi peke yake.

"Basi ungekuja kusaidia kuandika. Siyo kunifichia watu."

Akaondoka. Viatu vyake vya kanisani vilikuwa vinatoa mlio kwenye kokoto na nilivisikiliza mpaka visisikike.

Hiyo sentensi imenifuata njia nzima. Siyo kunifichia watu. Nilikuwa naita kitendo changu kusafisha matokeo. Kwenye kazi yetu tunapenda sana hilo neno, kusafisha. Lakini nilichokitoa siyo uchafu. Alikuwa mama amekaa Chanika na mtandao unaokatika, ameona dodoso, akaamini kwamba likijazwa kuna mtu atalisoma.

Saa sita mchana nikaandika kwenye kundi, kwa jina langu, bila kuzunguka. Nikasema nilifuta majibu, nikasema ni ya nani kwa ruhusa yake, nikasema niliulizwa nikadanganya, nikasema Deo hakujua. Nikaomba dodoso lifunguliwe upya na lisimamiwe na mtu mwingine. Nikaambatisha na msimbo wetu, ile mistari michache niliyoandika na Bi Tatu.

Wengine wamenyamaza. Mmoja ameweka kikatuni cha kucheka, sijui ananicheka mie au ni kidole kimeteleza. Mmoja ameandika kwa ukali kwamba sasa ataamini vipi chochote ninachowasilisha, na ana haki. Halafu akatokea mmoja ambaye huwaga haongei kabisa, akaandika: "Hata mie natumia ile ndogo. Ni ya pampu ya maji nyumbani. Sikujaza dodoso, nilijua hamtajali watu wa vibao."

Nilikaa sakafuni jikoni niliposoma hilo.

Nimenyanyuka sasa hivi kwenda kuangalia simu tena. Kuna ujumbe wa Deo. Hauna salamu, hauna jina langu:

"Nimeuona msimbo mliotuma. Mstari wa nane una kosa, saa sita usiku itatoka sifuri."

Nimefungua kompyuta nikaangalia. Ni kweli, inatoa sifuri. Mie na Bi Tatu tulijaribu jioni, tukajaribu asubuhi, usiku hatukugusa. Nimerekebisha nimemrudishia. Ameandika "sawa". Neno moja, na nimelisoma kama mara sita kutafuta kama kuna kingine ndani yake. Hakuna. Ni sawa tu. Lakini ameandika.

Kundi wamekubali dodoso lirudiwe kuanzia kesho. Wakauliza nani atapokea majibu. Nikapendekeza Bi Tatu, wakasema aulizwe kwanza. Nimempigia. Safari hii nimepiga, sikuandika. Iliita muda mrefu nikadhani hatapokea.

Nikamweleza wanachotaka. Nikamwambia kama itamchosha, mie naweza kumsaidia kuyapitia, nimtumie muhtasari.

"Nitayasoma," akasema. "Lakini muhtasari sitaki. Nitumie yote."

Nimemuuliza hata yanayojirudia, hata ya utani.

"Yote, Rehema."

Basi nitatuma yote.